Sura ya Tano: Lililo Nyuma ya Duka

Inspekta Pantaleo aliisoma ile sentensi mara nyingine tena akiwa amesimama kwenye ngazi za kiwanda cha uchapaji katika eneo la Gerezani, jua la saa nne limemkalia utosini. "Magunia ya sukari na katoni za sabuni yamekutwa katika ghala la Bwana Kasmir Temu, Mtaa wa Sikukuu." Basi. Sentensi fupi namna hiyo, na kwa ajili yake mwanamume mzima alikuwa ananyea ndoo mahabusu.

Mkono wa kushoto alishika karatasi ya mwandishi wa habari, iliyoandikwa kwa kalamu. Yenyewe ilisema "katika ghala lililo nyuma ya duka la Bwana Kasmir Temu." Mwandishi alikuwa amekwenda na mgambo, akaona kwa macho yake: ghala linafungukia uchochoro wa nyuma, lina kufuli lake, na hakuna aliyejitokeza kusema ni langu. Alivyoona ndivyo alivyoandika. Lakini gazeti lilipotoka, "lililo nyuma ya duka" haikuwemo, na kabla ya saa tatu asubuhi ya Ijumaa Kasmir akatolewa dukani kwake, futi ya kupimia vitambaa bado inaning'inia shingoni.

Nani angebisha? Mwaka ule wa themanini na tatu, wa kuwasaka walanguzi, mtu akitajwa ametajwa. Mkuu wa Pantaleo alikuwa amemwambia bila kupepesa macho: "Kama ni kosa la mashine, hakuna mtu mwingine wa kutafuta. Ghala liko mgongoni kwa Temu, basi ni la Temu, na Jumatatu anasimama mbele ya jopo. Lakini kama kuna mtu aliyeyakata maneno yale kwa kusudi, huyo ndiye mwenye ghala. Niletee huyo." Leo ilikuwa Jumamosi.

"Shemeji!" Sauti ilitoka juu ya ngazi. "Mbona unajianika juani kama samaki? Panda bwana!"

Huyo alikuwa Aristides, mhariri wa gazeti, mume wa Candida. Candida naye ni mdogo wake Pantaleo, kitinda mimba wao; Pantaleo ndiye aliyemtoa Kibosho na kindoo cha nguo, akamsomesha na kumtafutia kazi ya kusoma prufu, kukagua kurasa kabla hazijachapwa, katika kiwanda hikihiki. Tangu jana alikuwa anaumwa, yuko kwake Magomeni. Aristides ndiye aliyepiga simu kituoni akaomba jambo hili apewe Pantaleo. Ati ni jambo dogo, la uzembe tu, liishe kifamilia.

"Nimeshakurahisishia kazi," Aristides alisema, akampa karatasi iliyopigwa taipu vizuri. "Maelezo ya binti mwenyewe. Amekiri. Mpe onyo, mtie hofu kidogo, twende tukale."

Pantaleo alisoma. *Mimi Celina, mpangaji maandishi, nilikuwa nimeyapaka maneno hayo ili niyanenepeshe, yaani herufi zitoke na wino mzito. Kwa bahati mbaya kidole changu kiligusa herufi, na maneno yote yaliyopakwa yakafutika, ikabaki herufi ile. Niliifuta herufi bila kutambua kwamba maneno yamepotea.*

"Kupaka ndiyo nini?"

"Lugha ya chumba cha mtambo. Utaona."

"Nitaona peke yangu, shemeji. Wewe ngoja ofisini."

Aristides alicheka, lakini hakuondoka mara moja.

Chumba cha mtambo ndicho pekee chenye baridi katika jengo zima, maana mtambo ulitunzwa kuliko wafanyakazi. Ulikuwa msaada wa watu wa nje: meza ya chuma, vitufe kama vya taipureta, na juu yake kioo cheusi chenye herufi za kijani. Celina alisimama ukutani, mwembamba, kitambaa kichwani, macho mekundu.

"Shikamoo Afande."

"Marahaba. Keti. Haya maelezo ni yako?"

"Ndiyo, Afande."

"Ulitaka kuyanenepesha maneno 'lililo nyuma ya duka'. Kwa nini? Gazeti gani linanenepesha maneno kama hayo?"

"Nilikosea mstari."

"Ulitaka mstari gani?"

"Kichwa cha habari."

"Kichwa kiko juu kabisa, sentensi hii iko katikati ya ukurasa. Ulikosea kwa mwendo mrefu hivyo?"

Celina alikuwa anaukunja upindo wa gauni lake na kuukunjua. Pantaleo alikwishahoji wezi, mapadri na wanasiasa, na alijua mtu anayesema uongo wake mwenyewe huwa na maneno mengi. Huyu hakuwa na hata moja zaidi ya yale ya kwenye karatasi.

"Kaa pale dirishani, mikono magotini. Usinisaidie na usinizuie. Nataka kufanya hilo kosa lako mimi mwenyewe. Niambie tu kitufe cha kupakia ni kipi na cha kufutia ni kipi."

Alimwonyesha kwa kidole. Pantaleo alikaa, akaandika sentensi nzima ya mwandishi kwa vidole viwili, polepole, akitukana chinichini kila alipokosea. Kialama kidogo cha nuru kilikuwa kinamtangulia kikipepesa. Watu wa pale walikiita kimulimuli. Alikirudisha hadi mwanzo wa "lililo", akabonyeza kitufe cha kupakia, akakisogeza hadi mwisho wa "duka".

Ala! Maneno yaligeuka kama shati lililogeuzwa ndani nje. Herufi zikawa nyeusi, na nyuma yake pakawaka kijani. Huko ndiko kupakwa. Ungeyaona hata ukiwa mlangoni, na hapo Pantaleo aliandika jambo la kwanza moyoni: mtu aliyekaa mbele ya kioo hiki hawezi kusema hakutambua maneno gani yamepakwa.

Sasa kosa lenyewe. Alibonyeza herufi A.

Kijani kilizimika. Maneno yote yakarudi kama yalivyokuwa, hayakupungua hata nukta, na hiyo A ikachomekwa mwisho wa "duka". *Dukaa.*

Alijaribu tena. Akapaka, akabonyeza M. Kijani kikazimika, M ikaingia, maneno salama. Akapaka, akabonyeza nafasi. Akapaka, akabonyeza kitufe cha mstari mpya; sentensi ikavunjika vipande viwili, lakini hakuna neno lililopotea. Akapaka, akakipeleka kimulimuli chini kabisa mwa ukurasa: maneno yaliendelea kuwaka kule juu yakimsubiri, na alipoandika, herufi iliingia kule chini na kijani kikazimika. Akapiga kiganja kizima juu ya vitufe kama mtu aliyesinzia. Pakatokea takataka, lakini "lililo nyuma ya duka" ilikuwepo katikati ya takataka hizo, nzima.

Dirishani, Celina alikuwa ameanza kulia bila sauti.

Pantaleo alisafisha kioo, akaiandika sentensi upya, akapaka mara ya mwisho, akabonyeza kitufe cha kufuta. Hapo mtambo ulifanya jambo jingine kabisa. Maneno yaliyopakwa hayakuondoka. Yalianza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, na chini ya kioo ukajitokeza mstari wa Kizungu ukiuliza kama kweli anataka kuyafuta. Alikaa akiyatazama. Mtambo ulingoja. Alifungua kidaftari chake, akaandika, akakifunga. Mtambo bado unangoja jibu. Alipobonyeza kitufe cha kukubali ndipo maneno yalipoondoka, na sentensi ikajikusanya yenyewe: *katika ghala la Bwana Kasmir Temu.*

Aliitazama ile sentensi akajikuta anasonya. Tazama ilivyokaa! "Ghala la." "Duka la." Yote mawili yanachukua "la", kwa hiyo ukitoa katikati, kidonda hakionekani. Ingekuwa mwandishi ametaja nyumba badala ya ghala, pangebaki "nyumba la Bwana Kasmir", na hata mtoto wa darasa la pili angecheka. Kidole kilichoteleza kingekata katikati ya neno, au kingebeba na "la" yenyewe. Huyu aliyekata alianzia penyewe na kuishia penyewe. Aliisoma sentensi kwanza, akaona mahali inapoweza kukatwa bila kuvuja damu, kisha mtambo ukamuuliza una hakika, naye akajibu ndiyo.

Basi mwenye ghala hakuwa Kasmir; palikuwa na mtu mwingine wa kutafutwa. Na aliyeandaa yale maelezo ya Celina alikuwa anajua kitu, au alijidhania anajua.

"Nani alikuandikia karatasi hii?" Pantaleo aliuliza bila kugeuka.

"Mimi mwenyewe, Afande."

"Celina, mwanangu. Wewe unafanya kazi hapa kila siku. Unajua vizuri kwamba mtambo huu hauli maneno kwa herufi moja. Usingeweza kuandika uongo huu hata ungetaka."

Pantaleo aliyaandika upya maneno aliyoyafuta, akafungua mlango. "Shemeji! Njoo kidogo."

Aristides alikuja upesi mno kwa mtu aliyekuwa ofisini. Alikuwa mhariri mwenye jina. Alikwishapelekwa Ulaya kusomea mambo ya mitambo hii, na alirudi na suti ya kahawia ambayo bado aliivaa siku za mikutano. Pantaleo alimpenda. Walikuwa wakigombea mifupa ya supu Jumapili kama watoto.

"Sielewi hii mashine," Pantaleo alisema, akijikuna kisogo. "Binti anasema aligusa herufi, maneno yakafutika. Mimi ni polisi tu. Nionyeshe inavyokuwa."

"Aa, hilo tu!" Aristides alivuta kiti. "Wengi hawaelewi. Tazama. Unapaka hivi." Alihangaika kukitafuta kitufe, akakipata. Maneno yakawaka kijani. "Sasa yakiwa yamepakwa, mtambo unadhani unataka kuyabadilisha. Herufi yoyote utakayogusa inakaa mahali pa maneno, na maneno yenyewe yanatoweka. Hatari sana. Kule tulikosoma walituonya kila siku. Tazama sasa."

Alibonyeza. Kijani kikazimika. Maneno yakabaki.

"Ngoja," alisema. Akapaka tena, akabonyeza herufi nyingine. Maneno yakabaki. Alibonyeza ya tatu kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango wa mdeni. "Labda imeharibika. Umeme wenu huu wa kukatikakatika..."

"Haijaharibika. Hii ndivyo ilivyo. Ya kule ulikosoma ndiyo inayokula maneno. Hii ya hapa hujawahi kuikalia, shemeji, siyo?"

Aristides aliondoa mikono kwenye vitufe. Kwenye kioo kilichokuwa mbele yake "lililo nyuma ya duka" ilikuwa imekaa palepale na viherufi vyake vitatu vya aibu.

"Maelezo haya umeyaandika wewe," Pantaleo alisema. "Kosa lililoandikwa humu haliwezekani kwenye mtambo huu. Linawezekana kwenye mtambo unaoujua wewe peke yako."

"Nilimsaidia tu kuyapanga maneno."

"Celina. Alhamisi mchana ukurasa huu ulipopangwa, ulikuwa wapi?"

Binti alimtazama mhariri wake, kisha akatazama sakafu. Mambo yalimtoka kwa mkupuo mmoja. "Sikuwepo, Afande. Duka letu la kaya, la mgao, lilikuwa limepata unga, na mama ni mgonjwa, hakuna wa kupanga foleni. Nilikuwa nimeshaingiza habari yote, ilikuwa sahihi, naapa. Nikaomba nishikiwe kiti. Niliporudi ukurasa ulikuwa umeshakwenda. Ndugu Mhariri akaniambia nichague: nisaini uzembe nipate onyo, au aripoti kwamba nilitoroka kazini nifukuzwe. Na siku hizi, Afande, mtu asiye na kazi anakamatwa anapelekwa shamba kulimishwa."

"Nani alikushikia kiti?"

Hapo Celina aliziba uso kwa viganja.

Pantaleo alimgeukia shemeji yake. Mpaka dakika ile alikuwa amekwisha kumfunga pingu kichwani mwake. Mhariri anaijua sentensi, anajua pa kukata. Ila kuna jambo lilikuwa linamkatalia, na sasa lilimjia waziwazi, na alitamani lisingekuja. Aliyekata maneno alijua kitufe cha kufuta na kitufe cha kukubali. Aristides hakujua hata kitufe cha kupakia kiko wapi. Celina alijua vyote, lakini alikuwa kwenye foleni ya unga.

"Watu wangapi wamefundishwa mtambo huu, Aristides?"

"Shemeji, nakuomba."

"Wangapi?"

"Wawili," Aristides alisema. Suti haikuwepo leo, lakini mabega yalimwanguka kama suti kwenye msumari. "Celina na... Shemeji, ana watoto wawili. Wapwa zako."

Mungu wangu. Pantaleo alishika ukingo wa meza. Haikuwa hasira bado. Ilikuwa kama mtu aliyepapasa gizani akitafuta kiti alichokizoea akakosa. Candida. Jicho la prufu, alilokuwa akilisifia kwa kila mtu kituoni. "Mdogo wangu akisoma ukurasa, kosa linajificha lenyewe," alizoea kusema, tena kwa kujidai.

Alimwambia Celina aende kunawa uso. Kisha akamchukua Aristides kwa mkono, wala hakuhitaji kumvuta, wakashuka hadi kwenye Land Rover.

Magomeni kulikuwa na harufu ya mchana ya maharage na moshi. Candida alikuwa uani, hana hata dalili ya homa, anamenya ndizi za machalari. Alipomwona kaka yake alifuta mikono kwenye khanga, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa Kibosho.

"Shikamoo kaka. Jamani, mmeongozana! Karibuni ndani, chai ipo."

Pantaleo aliingia. Chai ililetwa kwenye kikombe cha maua alichotengewa yeye siku zote katika nyumba hiyo. Alionja. Ilikuwa tamu, tamu ya vijiko vitatu, wakati Kariakoo nzima watu walikuwa wanakunywa chai kavu wakijidanganya kwa tangawizi. Alikuwa amekunywa chai hii mwaka mzima, akidhani ni upendo tu. Alikirudisha kikombe mezani kikiwa kimejaa.

"Ghala la Mtaa wa Sikukuu ni la nani, Candida?"

Alimtazama mumewe kwanza. Aristides aliinamisha kichwa, na yeye akaelewa kila kitu. Wala hakulia. Alikaa kwenye kiti cha pembeni na kuutengeneza upindo wa khanga yake.

"Ni langu," alisema. "Nilipanga kwa jina la mtu mwingine. Mshahara wa kusoma prufu unatosha nini, kaka? Kila mtu anatafuta."

"Na Kasmir?"

"Nilijua watamuuliza maswali. Sikujua watamweka ndani."

"Uongo. Umesoma magazeti ya mwezi mzima kabla ya mtu mwingine yeyote, mstari kwa mstari. Ulijua wanaotajwa wanakwenda wapi. Mtambo ulikuuliza, Candida. Maneno yalikuwa yanawaka na kuzima mbele yako na ukaulizwa kama una hakika. Yule mtu ana duka la vitambaa, ana mke, hajakukosea hata salamu."

"Ingekuwa mimi!" Sauti ilimpanda ghafla. "Ungetaka niwe mimi? Wangekuja kunichukua mimi mbele ya watoto!"

"Na Celina ungemwacha abebe."

"Angepata onyo tu. Kaka, sikiliza." Alisogea, akamshika mkono kwa mikono yake miwili yenye utomvu wa ndizi, akatabasamu lile tabasamu la utotoni lililokuwa likimpatia kalamu mpya na viatu vya Krismasi. "Mimi ndiye niliyemwambia Aristides apige simu, aombe uletwe wewe. Angekuja mwingine ningeogopa. Nilijua ukilifikia jina langu utaishia hapohapo. Wewe ndiye umenilea."

Aliyasema hayo kwa upole, kama zawadi. Alikuwa anamwamini kabisa, na hilo ndilo lililomuumiza Pantaleo kuliko yote: hakuona ubaya wowote. Alikuwa amempima kaka yake miaka yote hiyo, akaona anafaa kutumika, akamweka mahali pake.

Pantaleo aliutoa mkono wake taratibu. Aliweka jalada la kesi juu ya meza, akachomoa karatasi mpya ya maelezo, akaisawazisha kwa kiganja, akafungua kalamu.

"Jina kamili," alisema.

Candida alicheka kidogo. "Kaka bwana."

"Jina kamili."

Alimtazama Aristides, akatazama kalamu, na kicheko kikamkauka mdomoni. Alilitaja jina lake. Pantaleo aliliandika kwa herufi kubwa, akashuka mstari wa pili.

"Jina la baba."

"Kaka," alisema, na sasa ndipo machozi yalipokuja. "Unalijua. Ni baba yako."

"Litaje."

Akalitaja, na Pantaleo akaliandika.